Mchagua Risasi

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo niliimeza nikiwa mdogo, na sikuitilia shaka mpaka usiku mmoja katika kambi ya uwindaji kule Rungwa, nilipomkuta mfuatilia nyayo wetu, mzee wa Kikimbu, amechuchumaa mbele ya taa ya chemli akichambua risasi kama mama anavyochambua mchele. Aliziviringisha moja moja juu ya kifuniko cha sanduku. Iliyoyumba aliitenga. Iliyokwenda sawa aliipangusa kwa kitambaa, akaigeuza atazame tako lake, kisha akapitisha ukucha shingoni, pale kichwa kinapoingia kwenye ganda. Kati ya ishirini alizikataa tatu. Mimi ndiye niliyekuwa mtunza stoo, na kila risasi ilikuwa na mstari wake katika daftari langu, kwa hiyo nikamuuliza hizo tatu zina kosa gani.

"Pengine hazina kosa, kijana," akasema. "Ila sitaki ziwemo mbogo akigeuka."

Mzee yule hakuwa na bunduki. Bunduki zilikuwa za wageni na za mwindaji bingwa. Yeye alitembea mbele yao na fimbo, macho chini kwenye nyayo, na chochote kilichochaguliwa na wale waliokuwa nyuma yake ndicho kilichoamua kama atarudi kambini kula ugali.

Kiswahili chetu kinatuchanganya kidogo katika jambo hili. Tunasema risasi tukimaanisha ile inayotoka, na tunasema risasi tukimaanisha kitu kizima kinachoingia kwenye bunduki. Na neno lenyewe, tulilolipata kwa Waarabu, ni jina la madini tu. Fundi hutenganisha. Kuna ganda la shaba ya manjano, kuna fataki kwenye tako lake, kuna baruti tumboni, na kuna kichwa, ambacho ndicho pekee kinachosafiri. Ukibadili kimoja, vingine vyote vinakudai hesabu upya.

Kwa karne nyingi hesabu ilikuwa fupi. Baruti ilikuwa nyeusi, kichwa kilikuwa donge la risasi tupu, na aliyetaka nguvu zaidi aliongeza unene. Ndiyo maana Frederick Selous, yule ambaye jina lake lilipewa pori la akiba la kusini mwa Tanzania, alianza kuwinda tembo miaka ya 1870 na gobore ambalo donge lake moja lilikuwa na uzito wa robo ratili, zaidi ya gramu 110. Baadaye alijuta waziwazi kulitumia: teke lake lilimharibia ujasiri wa kulenga. Liweke akilini hilo teke, nitalirudia.

Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille akatengeneza baruti isiyotoa moshi, yenye nguvu kuipita ile nyeusi, na miaka miwili baadaye jeshi la Ufaransa likapata bunduki ya Lebel ya milimita 8. Thamani ya kutokuwa na moshi wazee wetu waliijua kwa upande wa maumivu. Askari wengi wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, waliingia Vita Kuu ya Kwanza wakiwa na Mauser za mwaka 1871, na kila moja ikilia iliinua wingu jeupe la kumwelekeza adui mahali mpigaji alipolala. Kwa mwindaji faida ilikuwa kubwa zaidi ya kuona mbele. Kichwa chembamba sasa kiliweza kwenda kasi isiyowahi kufikiriwa, na hapo ndipo uchaguzi ulipoanza kuwa kazi ya kichwa: unene au mwendo, uzito au umbali.

Waingereza walikuwa na baruti yao, kodaiti, yenye umbo la nyuzi kama tambi. Tabia yake mbaya ilikuwa moja: jua liliipandisha hasira. Risasi iliyokuwa tulivu London iliweza, ikishinda mfukoni katika joto la Afrika au India, kusukuma kwa nguvu kiasi cha ganda kuvimba na kung'ang'ania ndani ya bunduki. Ganda likikwama, ulichoshika ni rungu la bei ghali. Mafundi wakajibu kwa maumbo. John Rigby & Co. walitoa risasi ya .416, namba hiyo ikiwa unene wa kichwa kwa inchi, mwaka 1911, yenye ganda pana sana ili baruti ipate nafasi na msukumo ushuke. Mwaka uliofuata Holland & Holland wakatoa .375, na hii wakaipunguza unene kidogo kidogo kutoka tako hadi shingoni, kama kabari. Kabari ikishalegea kidogo tu, hutoka yote. Na kwa kuwa ganda la namna hiyo karibu halina mabega ya kulizuia lisizame, walilifunga mshipi karibu na tako. Unaweza kuushika kwa vidole mshipi huo ukielezwa kazi yake, na ukishaelezwa hutausahau.

Mimi naipenda risasi ile kuliko ninavyopaswa. Haiongozi kwa lolote. Kichwa chake kina kipenyo cha milimita 9.5, uzito wake wa kawaida ni gramu 19.4, na hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 770 hivi kwa sekunde. Ile .470 ya bunduki za mitutu miwili hurusha gramu 32.4; ukilinganisha uzito, .375 ni mtoto. Zipo pia zinazoishinda mbio. Lakini ina sifa moja ambayo hakuna aliyeipangia hesabu kwa ukamilifu: vichwa vya gramu 15, 17.5 na 19.4 katika bunduki nyingi za .375 huangukia karibu mahali pamoja kwenye mita 100. Mwindaji anaweza kumpiga pofu asubuhi na kumfuata mbogo jioni bila kugusa darubini yake. Nchi kadhaa za Afrika zinazoruhusu uwindaji, Tanzania ikiwa mojawapo, zimeifanya .375 kuwa kima cha chini kwa wanyama hatari. Na mgeni ambaye ndege imemfikisha bila mizigo yake, katika kambi ya jirani atapata mtu wa kumgawia.

Hapo wapenzi wa mabishano hunitajia Bell. Walter Dalrymple Maitland Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja, kaskazini mwa Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, aliua tembo zaidi ya elfu moja, na wengi wao aliwaangusha kwa risasi ya milimita 7 yenye kichwa cha gramu 11.2. Kwa kipimo cha sheria za leo ni risasi ya swala. Basi, wanasema, ukubwa si kitu.

Wanasahau alichokifanya kabla ya kufyatua. Bell alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, na kutoka pembe gani ya kusimama njia ya kuufikia ni fupi. Alitumia vichwa vigumu, virefu na vyembamba, visivyotanuka wala kupinda upesi mfupani. Alibeba bunduki nyepesi, akailenga tupu mara nyingi kila siku, mpaka ikawa kama kidole chake cha kuonyeshea. Bell hakuidharau hesabu ya risasi. Aliifanya mpaka mwisho kuliko wote waliobeba mizinga. Kumwiga katika kipenyo na kumwacha katika msumeno ni kujitafutia msiba, achilia mbali kwamba tembo elfu moja ni idadi inayonipa uchungu kuiandika.

Upande wa pili wa Bell namweka Mmarekani Jack Lott. Mwaka 1959 mbogo alimrusha Msumbiji, na bunduki aliyokuwa nayo ilikuwa ya .458, nene kuliko .375 kwa milimita mbili. Alipona. Kisha akakaa chini na maumivu yake, akahitimisha kwamba ganda la ile risasi lilikuwa fupi mno kwa baruti iliyohitajika kukipeleka kichwa kizito ndani ya kutosha. Akalirefusha. Mwaka 1971 risasi yake ilikuwa tayari, na ndiyo hiyo inayoitwa .458 Lott hadi leo. Watu wengi wakirushwa na mbogo huacha kuwinda.

Sasa turudi kwenye teke. Msimu wangu wa pili Rungwa alikuja mgeni mwenye bunduki kubwa kuliko zote tulizowahi kuzipokea. Siku ya kwanza alipelekwa kwenye shabaha ya karatasi, kama ilivyo desturi. Nilisimama pembeni na daftari langu. Risasi ya kwanza ilipita juu, ya pili ikachimba mchanga mbele ya shabaha. Kabla ya ya tatu mwindaji bingwa akaipokea bunduki, akajifanya anaiwekea risasi, akamrudishia ikiwa tupu. Mgeni akalenga, akavuta. Mlio haukuja, lakini mtutu ulizama kama umepigwa na nyundo, na macho yake yalikuwa yamefumba. Mzee wangu aliguna. "Huyu anaogopa bunduki yake kuliko anavyomwogopa mbogo."

Akaazimwa .375 ya kambi. Alikataa siku mbili, kwa fahari, na katika siku hizo mbili alimjeruhi mbogo dume tuliyemfuata tangu saa nne asubuhi hadi giza, katika vichaka ambavyo huoni zaidi ya hatua kumi. Mzee alikuwa mbele na fimbo yake. Tulimmaliza kesho yake. Siku ya tatu mgeni aliichukua .375 bila neno, na kongoni aliyempiga nayo hakuzidi hatua thelathini.

Kila ndege huruka kwa ubawa wake, na bega ni sehemu ya hesabu kama ilivyo baruti.

Kuna ufundi mwingine unaofanana na huu kwa mbali, wa kulenga masafa marefu, na siku hizi vijana wenye uwezo wanauchanganya na uwindaji. Jina linalovuma huko ni 6.5 Creedmoor, iliyotolewa na kampuni ya Hornady mwaka 2007. Ukiiweka kando ya .375 inafanana na kalamu: kichwa kirefu, chembamba, kilichochongoka, cha gramu 9 hivi. Siri yake ni kwamba hewa inahangaika kukishika. Upepo wa kawaida wa kilomita 16 kwa saa ukivuma kutoka ubavuni, kwenye umbali wa mita 900 kichwa hicho husukumwa kando kwa zaidi ya mita moja na nusu; cha .308 ya mashindano ya zamani husukumwa zaidi ya mita mbili. Mlengaji hodari huusoma upepo kwenye nyasi, kwenye vumbi, kwenye mtetemo wa joto ndani ya darubini, na hesabu yake ni nzuri kama mashairi yenye vina.

Hata jina lake lina historia ya kupendeza. Creedmoor ulikuwa uwanja wa shabaha nje kidogo ya jiji la New York. Mwaka 1874 timu ya Ireland ilikwenda huko kushindana na Wamarekani kwa yadi 800, 900 na 1,000. Wamarekani walishinda kwa pointi 934 dhidi ya 931, na miongoni mwa Waairishi mmoja alipiga katikati kabisa, barabara, lakini shabaha haikuwa yake. Hakupewa hata pointi moja. Ndani ya timu hiyo alikuwemo John Rigby, yule yule ambaye kampuni yenye jina lake ingetoa .416 miaka 37 baadaye. Naona inafaa kwamba mtu aliyeshuhudia risasi nzuri ikienda mahali pasipo pake ndiye aliyekuja kuwahudumia wawindaji wa mbogo.

Uwanjani, kosa la mita moja na nusu ni kicheko na chai. Porini ni mnyama mwenye tumbo lililotoboka anayekwenda kufa peke yake usiku. Kwenye mita 600 kichwa cha Creedmoor husafiri kwa muda unaokaribia sekunde nzima, na tandala anahitaji chini ya hapo kuinua mguu. Wanaonisimulia kwa majigambo kuhusu mnyama waliyempiga mita 700 nawasikiliza kwa adabu, kisha nawauliza wangapi waliwakosa vibaya. Sijapata jibu. Mzee wangu alikuwa akiamini kwamba kama hujakaribia kiasi cha kuona sikio likicheza, bado hujafika.

Katika miombo, ukishafika, mara nyingi ni hatua hamsini, sitini. Ya kwanza ni risasi laini, itakayotanuka begani na kubaki ndani badala ya kupenya hadi kwa jike aliyesimama nyuma. Zinazoifuata ni ngumu, kwa kuwa mbogo aliyegutuka atakupa ama matako ama paji la uso, na njia ya kuufikia moyo itakuwa ndefu.

Ukipata leseni, msomaji, na ukaja upande wetu msimu ukifunguliwa mwezi wa saba, njoo na .375 uliyoizoea, vichwa vya gramu 19.4, laini na ngumu. Zimwage zote juu ya meza usiku kabla ya safari. Mpe mfuatilia nyayo azichague.