Kila Ajabu na Sharti Lake

Wajiji wa kale walisema kuwa Ziwa Tanganyika lilizaliwa na mapenzi. Henry Morton Stanley aliisikia hekaya hiyo aliporudi Ujiji mwaka 1876, akaiandika katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1878. Hapo palipo maji palikuwa uwanda mpana, na katika uwanda huo waliishi mume na mke ambao bomani mwao mlikuwa na kisima kirefu. Kisima kiliwapa samaki wasiokwisha, kwa sharti moja tu: mgeni asikione. Siku moja mume akasafiri. Mke alikuwa na mpenzi wa siri, akamlisha samaki wale. Mpenzi akatamani kujua wanatoka wapi. Naye kwa kumpenda akampeleka kisimani. Ardhi ikapasuka, maji yakaufunika uwanda na watu wake wote, na mume aliporudi akakuta ziwa.

Wataalamu wa miamba wanatueleza habari nyingine, ya Bonde la Ufa na ardhi iliyotanuka kwa mamilioni ya miaka hata likapatikana shimo la mita 1,470, la pili kwa kina miongoni mwa maziwa yote duniani. Ni habari ya kweli na inapasa kufundishwa. Lakini hekaya ya kisima ina kazi yake. Ndani yake mna ajabu, mna mapenzi, mna sharti, na mna gharama ya kulivunja sharti. Anayeielewa vizuri ameshika misingi ya fani ninayotaka kuisifu hapa: kusoma na kuhakiki riwaya za mapenzi na za maajabu zinazoandikiwa vijana.

Fani hii haina heshima inayoistahili. Riwaya ya mapenzi huonwa ni ya kupotezea muda, ya majini na mizimu huonwa ni ya watoto, na anayekaa chini kuzipima kwa makini huulizwa kwa nini hasomi vitabu vya maana. Shuleni nako tumeizoea njia moja ya kuhakiki. Mwanafunzi wa kidato cha tatu hufunzwa kukigawa kitabu katika fani na maudhui, kisha akaorodhesha dhamira, ujumbe, migogoro, wahusika na mandhari. Orodha hiyo ina manufaa yake, maana inamfundisha kutazama. Lakini mara nyingi inakamilika bila mtu kumuuliza kama hadithi ilimshika.

Tazama Takadini ya Ben Hanson, ambayo maelfu ya wanafunzi wa Tanzania wameisoma kwa ajili ya mtihani. Wengi wakiulizwa inahusu nini watajibu mila potofu na unyanyapaa wa watu wenye ualbino, na watakuwa wamesema kweli. Ila ndani ya kitabu hicho mna msichana aitwaye Shingai. Jamii yake inamwona Nhamo, mtoto wa mtawala, kuwa ndiye mume wa kufaa, naye moyo wake unamwendea Takadini, kijana ambaye kijiji kizima kinamkwepa. Hapo ndipo mila zinapotikisika hasa. Hotuba za wazee hazikuweza kufanya kilichofanywa na uamuzi wa msichana mmoja. Mhakiki anayempita Shingai haraka ili aifikie dhamira, dhamira yenyewe inampita pia.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mhakiki wa vitabu vya vijana ni kusoma kama kijana. Asome mara ya kwanza bila kalamu mkononi, akubali kuogopa, akubali kupenda, akubali kukasirika sura inapokatika mahali patamu. Mkoa wa Kigoma una haki ya kulisemea jambo hili, kwa sababu ndiko alikozaliwa Ben Mtobwa mwaka 1958, mmoja wa mafundi wakubwa wa hadithi za kusisimua katika Kiswahili. Hadi alipofariki mwaka 2008 alikuwa ameandika Tutarudi na Roho Zetu?, Dar es Salaam Usiku na nyingine nyingi, na mpelelezi wake Joram Kiango, pamoja na Nuru anayempenda, walisafiri mifukoni mwa vijana na chini ya madawati yao, mara nyingi jalada likiwa limekwisha kung'oka. Kitabu kilichochakaa hivyo kimetoa ushahidi wake kuwa kilitakiwa, na mhakiki hana budi kuusikiliza ushahidi huo kabla ya kutoa hukumu yake. Aulize hadithi iliwafanyia nini wote wale waliokipokezana, na mwandishi aliwashika kwa ufundi gani.

Raha ikishapewa haki yake, ndipo kalamu ishikwe. Katika riwaya ya maajabu swali la kwanza liwe lile la kisima: sharti la ulimwengu huu ni lipi? Shaaban Robert alilijua swali hilo. Katika Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, Adili analazimika kuwachapa kila usiku manyani wawili ambao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu. Walimtosa baharini kwa wivu, wakimtaka Mwelekevu, binti ambaye Adili alikuwa amemwokoa katika mji wa mawe. Huria, jini ambaye Adili alimtendea wema, ndiye aliyewageuza na kuweka amri ya viboko. Adili hafurahii kuchapa, anaumia. Basi ajabu ile inamgharimu hata aliyetendewa haki, na amri hiyo haitenguki kwa sababu tu mwandishi amechoka nayo. Msomaji wa miaka 14 anawaamini manyani wale kwa kuwa wana kanuni, na kanuni hiyo inauma.

Simulizi nyingi wanazosoma vijana leo kwenye simu, zinazokatwa vipande vipande na kuishia kwenye neno itaendelea, zimejaa majini, nguva na safari za kuzimu. Sioni sababu ya kuzidharau. Mfululizo ni njia kongwe ya kusimulia, na mwandishi anayemrudisha msomaji kila jioni ana kipaji. Mhakiki azisome kwa kipimo kilekile. Jini akiweza kila kitu, hakuna wa kumhofia mhusika. Pete ikimwokoa shujaa kila anapobanwa, msomaji ataacha kubanwa pamoja naye. Ajabu isiyo na sharti huanza kwa kishindo na kuchosha mapema, na kijana hulihisi hilo hata asipokuwa na maneno ya kulisema. Kumpa maneno hayo ni sehemu ya kazi ya mhakiki.

Mapenzi nayo yana swali lake: nani anachagua? Mwaka 1971 yalitokea mambo mawili nchini ambayo inafaa kuyatazama pamoja. Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa, iliyoruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Na Euphrase Kezilahabi, kijana wa Ukerewe, akatoa Rosa Mistika, riwaya ya msichana ambaye barua moja ya mvulana inatosha kumfanya baba yake, Zakaria, ampige vibaya. Rosa analelewa kwa kufungiwa, na siku anapokuwa mbali na baba hajui kusema ndiyo wala hapana kwa hiari yake. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni kwa muda, kisha baadaye kikaja kusomwa huko huko kilikokatazwa. Sheria yenyewe ilisubiri hadi mwaka 2016, Mahakama Kuu ilipotamka kuwa vifungu vile vya umri vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo.

Ninaposema riwaya ya mapenzi kwa kijana si kitu cha anasa, ndilo jambo ninalolikusudia. Msichana wa miaka 15 ambaye sheria ya nchi ilimtambua kuwa anaweza kuwa mke alikuwa na haki ya kusoma kitabu kinachomwonyesha namna penzi linavyoanza, linavyodanganya na linavyojenga. Mhakiki aliyeisifu Rosa Mistika mapema, akaeleza kwa nini ukali wake una maana, alimfaa msichana huyo kuliko aliyemfichia. Na leo, riwaya inapokuja ambayo ndani yake mwanamume anamfuata msichana kila njia hadi akubali, na mwandishi akaliita hilo penzi, mhakiki aseme waziwazi kuwa hapa pameandikwa kuandamwa. Asikitupe kitabu kizima kwa kosa hilo. Aonyeshe ukurasa, aeleze, amwachie kijana apime.

Abdulrazak Gurnah analiweka swali hilihili katika Paradise, riwaya ya mwaka 1994 inayofuata msafara wa biashara kutoka pwani kwenda bara, katika zama ambazo njia za aina hiyo ziliijenga Ujiji. Yusuf ana miaka 12 baba yake anapomtoa rehani kwa deni. Anapokuja kumpenda Amina, naye Amina ameletwa nyumbani mule kwa deni. Je, watu wawili waliowekwa rehani wanaweza kuchaguana? Sasa kijana wa Ujiji anaweza kuliuliza swali hilo kwa Kiswahili, kwa kuwa Ida Hadjivayanis ameitafsiri riwaya hiyo kwa jina la Peponi. Ni mfasiri huyohuyo aliyetuletea Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu mwaka 2015, miaka 75 baada ya tafsiri ya kwanza ya kitabu hicho cha Lewis Carroll, ambayo michoro yake ilimfanya Alisi kuwa msichana wa Kiafrika. Mtu mmoja ameona vema kuhangaikia sungura mwenye saa na pia mapenzi ya watoto waliotolewa rehani. Hilo linanipa moyo, maana linaonyesha kuwa maajabu na mapenzi yanastahili lugha iliyopimwa kwa uangalifu uleule.

Kuna pia elimu ya mahali, na hapa mhakiki wa ufukwe wa Tanganyika ana jambo ambalo mhakiki wa Dar es Salaam atalikosa. Tuseme riwaya inamhusu msichana wa Katonga anayempenda mvuvi wa dagaa. Mwandishi anamtuma mvuvi ziwani usiku wa mbalamwezi, taa zikiwaka juu ya maji, na msichana amesimama ufukweni akimlilia. Ukurasa unaweza kuwa mtamu, lakini si wa kweli. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu ya kuwavuta, na wavuvi hupumzika. Mwandishi aliyelijua hilo angepata hadithi bora zaidi: siku za mwezi mpevu ndizo mvuvi yuko nyumbani, na siku za giza ndizo za kungoja. Wapenzi wa ufukwe huu wanahesabu mwezi kwa namna yao wenyewe. Mhakiki anayelionyesha jambo la aina hii humwongezea mwandishi njia, na humwambia msomaji kijana kuwa maisha ya kwao yanatosha kuwa riwaya.

Katika kutoa hukumu, mhakiki ajifunze kwa mama anayenunua dagaa mwaloni Kibirizi. Hawatazami kwa mbali akapita. Hutia mkono katikati ya rundo, akawapekecha kusikia mchanga, akanusa, akaonja mmoja, ndipo akataja bei mbele ya muuzaji. Uhakiki mzuri uko hivyo. Unaingia katikati ya kitabu badala ya kuishia kwenye jalada na utangulizi. Unataja palipo na mchanga hata kama mwandishi ni rafiki, na katika nchi ambayo waandishi na wahakiki wanajuana kwa majina, kusema hivyo kunahitaji ujasiri. Hausimulii mwisho, kwa kuwa mwisho ni mali ya msomaji. Unasema kitabu kinamfaa msomaji wa umri gani na kwa sababu gani. Na ukisifu, unasifu kwa kutaja kitu kinachoonekana: mhusika huyu, uamuzi huu, sura hii.

Tangu mwaka 2023 Tanzania ina Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na miswada mipya inapata njia ya kuwa vitabu. Ni heri kubwa. Lakini tuzo hutolewa na watu wazima, mara moja kwa mwaka, na macho yao huenda kwa wachache walioshinda. Kitabu kinachosafiri zaidi ya kilomita 1,200 kwa Reli ya Kati hadi Kigoma bado kinahitaji mtu wa huku wa kukifungua na kumwambia kijana wa Mwanga au wa Ujiji: hiki kisome, na kile kina kasoro hii. Mtu huyo anaweza kuwa mwalimu, mkutubi au dada mkubwa. Anaweza pia kuwa kijana mwenyewe, na huyo ndiye ninayemtamani kuliko wote.

Basi mwalimu wa Kiswahili, baada ya dhamira na ujumbe kukamilika ubaoni, ampe kila mwanafunzi karatasi moja isiyo na vichwa vya habari. Mwanafunzi aandike ni wapi alishindwa kukiweka kitabu chini, ni wapi alichoka, nani katika hadithi alichagua na nani alichaguliwa, na ni sharti gani lilivunjwa bila mtu kulilipia. Karatasi hiyo ibandikwe maktabani ili anayekuja kuchukua kitabu aisome kwanza. Huo ni uhakiki kamili, na darasa lolote la Kigoma linaweza kuuanza muhula huu.