Mnyoo wa Kichocho Anavyojipikia Sumu

Dawa ya kichocho iitwayo oksamnikwini haiui mnyoo kwa nguvu zake yenyewe. Humfikia ikiwa haina makali, naye ndiye anayeigeuza kuwa sumu kwa protini ya mwili wake. Donato Cioli na wenzake wa Roma walilishuku jambo hilo kwa miaka mingi. Protini yenyewe ilikuja kubainishwa mwaka 2013 katika jarida la Science, waliposhirikiana na watafiti wa San Antonio, Texas, wakiwemo Philip LoVerde na Tim Anderson.

Kinachonivutia ni kwamba kazi ilianzia kwenye ufugaji. Minyoo sugu walikuwa wameshaonekana Brazil, ambako dawa hii ilitumika sana. Watafiti wakazalisha minyoo sugu na wasio sugu. Kuwapandisha si jambo la kuwachanganya tu. Kiluwiluwi mmoja huachwa amwingie konokono mmoja; humo huzaliana bila kujamiiana, na maelfu wanaotoka huwa wa jinsia moja na urithi mmoja. Ndipo mnyama wa maabara huambukizwa madume ya upande huu na majike ya upande ule, na hakuna shaka nani kazaa na nani.

Watoto wa kizazi cha kwanza hawakuwa sugu, kwa sababu usugu huu hutaka nakala mbovu ya jeni kutoka kwa baba na kwa mama. Kwa wajukuu ukajitokeza tena, na alama za DNA zikaelekeza kwenye kipande cha kromosomu ya 6. Humo mlikuwa na jeni ya kimeng'enya aina ya sulfotransferasi. Katika minyoo sugu kimeng'enya hicho kilipungukiwa asidi amino moja tu, glutamati ya nafasi ya 142.

Huo bado ni ushahidi wa mazingira. Basi wakaizima jeni hiyo katika minyoo wasio sugu, na dawa ikashindwa kuwaua. Wakatengeneza protini nzima, wakaitia kwenye rojo la minyoo sugu waliosagwa, na dawa ikaamka tena.

Umbo la protini ndilo lililoeleza mengine. Waliigandisha ikawa fuwele, wakaipiga miale ya eksirei, wakaiona dawa imezama ndani ya kishimo, jirani na molekuli inayoleta salfati. Kimeng'enya huibandika salfati hiyo kwenye dawa, lakini haikai: hubanduka upesi, na kinachobaki hunasa kwenye DNA na protini nyingine za mnyoo. Mnyoo wa kichocho cha mkojo, anayesumbua Unguja na Pemba, ana kimeng'enya cha jamii hiyohiyo, ila kuta za kishimo chake zinatofautiana kidogo na kazi yake ni ya polepole mno. Ndiyo maana oksamnikwini iliwaua minyoo wa kichocho cha matumbo, kama wale wa Ziwa Victoria, ikawaacha hao wa mkojo.

Udhaifu wa dawa ya namna hii uko wazi. Mnyoo aliyepoteza kimeng'enya hicho huendelea kuishi na kutaga mayai, kwa hiyo hitilafu yoyote inayokiharibu inatosha kumwokoa. Prazikwanteli, tunayoitegemea leo, hufanya kazi kwa njia nyingine: hufungua mlango wa kalsiamu kwenye chembehai za mnyoo. Mlango huo ulitambuliwa mwaka 2019, na mwaka 2021 watafiti wa San Antonio, kwa kufuatilia tena urithi wa minyoo, wakaifikia protini ileile.

Kwa kufuata ramani ya kile kishimo, wanakemia wa Texas wameiunda upya oksamnikwini, na baadhi ya molekuli zao zinawaua hata minyoo wa kichocho cha mkojo maabara. Zikivuka majaribio kwa binadamu, zitolewe pamoja na prazikwanteli. Kuzitoa peke yake ni kurudia yaliyotokea Brazil.