Njia ya Mwalimu wa Kike Kwenda Ofisi ya Mkuu wa Shule

Katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania, takriban nusu ya walimu ni wanawake. Ukifika kwenye ofisi ya mwalimu mkuu, uwiano huo unaporomoka, na katika sekondari za mchanganyiko hali ni hiyo hiyo. Sababu zinazotajwa mara nyingi ni mbili: wanawake hawataki madaraka, au hawajafikia sifa. Hoja yangu ni kwamba chanzo kikubwa kiko chini zaidi, kwenye karatasi ya mgawo wa majukumu inayobandikwa ukutani mwa ofisi ya walimu kila mwanzo wa mwaka. Karatasi hiyo ndiyo inayoamua nani ataonekana kiongozi miaka kumi baadaye, na wanaoiandika mara nyingi hawajui kwamba wanaamua jambo kubwa kiasi hicho.

Mwalimu ana ngazi mbili za kupanda, na hazifanani. Ya kwanza ni daraja la mshahara, linalosimamiwa na Tume ya Utumishi wa Walimu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Hilo hutegemea utendaji na muda wa utumishi. Ya pili ni madaraka: mkuu wa idara, mwalimu wa taaluma, makamu mkuu, kisha mkuu wa shule. Hii haina foleni. Ni ya uteuzi. Mwalimu anaweza kupanda madaraja ya mshahara hadi akastaafu bila kukaimu ofisi hata wiki moja. Nafasi inapotokea, afisa elimu huuliza nani amekuwa makamu, nani ameshika taaluma, nani anajua kuandika taarifa ya shule. Sasa tazama mgawo wa kawaida: mwalimu wa kike hupewa umatroni, ushauri nasaha, afya na usafi, na maandalizi ya chakula cha wageni siku ya mahafali. Ni kazi nzito, na matroni wa bweni hana usiku wala mchana. Lakini hazimkalishi kwenye meza ya ratiba, mitihani na fedha, na wateuzi huangalia meza hiyo.

Uzito wa meza hiyo umeongezeka. Tangu elimu bila malipo ianze kutekelezwa mwaka 2016, fedha za uendeshaji zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Ujenzi nao umehamia shuleni kwa utaratibu wa fosi akaunti, ambapo shule yenyewe hununua vifaa na kutafuta mafundi. Mwaka 2021 serikali ilitangaza ujenzi wa madarasa 15,000 kwa fedha za mkopo wa IMF, na mzigo mkubwa wa usimamizi wake uliwaangukia walimu. Mkuu wa shule wa leo anafanya kazi na kamati za manunuzi, mapokezi na ujenzi. Analinganisha bei za mafundi, anahakikisha idadi ya mifuko ya saruji iliyoshushwa ndiyo iliyolipiwa, leja ya stoo inajazwa siku hiyo hiyo, kisha anajibu maswali ya mkaguzi wa ndani. Shahada ya ualimu haifundishi mambo haya. Mwalimu aliyewahi kuwa kwenye kamati ya mapokezi ameyajua kwa vitendo. Aliyekuwa jikoni akisimamia pilau ya wageni hakupata nafasi hiyo.

Ushahidi kwamba tatizo ni mpangilio, wala si uwezo, tunao hapa hapa nyumbani. Kwa desturi ya muda mrefu, shule za wasichana kama Msalato, Kilakala, Jangwani na Zanaki huongozwa na wanawake, na wanawake wa kuziongoza wamekuwa wakipatikana. Mama Maria Kamm aliiongoza Weruweru, mkoani Kilimanjaro, kwa miaka mingi, na jina lake halitenganishwi na la shule hiyo. Pale ambapo desturi inadai mkuu awe mwanamke, mfumo humtafuta, humwandaa na kumkabidhi. Kwenye shule ya mchanganyiko desturi hiyo haipo, na ghafla tunaambiwa kwamba wanaofaa hawaonekani.

Wapo watakaosema wanawake wenyewe hukataa uteuzi kwa sababu ya familia. Ni kweli wengine hukataa, na si kwa deko: kupangiwa shule isiyo na nyumba ya mwalimu, mbali na mume na watoto wadogo, ni gharama halisi. Kenya ilikutana na jambo hili ilipoanza mwaka 2018 kuwahamisha wakuu wa shule mbali na kaunti zao. Malalamiko ya familia kutengana yalikuwa makubwa, na baadaye sera hiyo ikalegezwa. Gharama hiyo inatibika kwa nyumba ya mwalimu na kwa kuangalia alipo mwenzi kabla ya kuandika barua ya uteuzi. Wengine watasema tuteue kwa uwezo, tusiangalie jinsia. Nakubali kabisa, lakini uwezo wa kuongoza hupatikana kwa kuongoza kidogo kidogo. Na hata matokeo ya wanafunzi hayapingi uongozi wa wanawake: takwimu za upimaji wa wanafunzi uitwao PASEC, wa mwaka 2019, zilionyesha kwamba katika baadhi ya nchi za Afrika zinazotumia Kifaransa, zikiwamo Benin, Senegal na Togo, wanafunzi wa shule zinazoongozwa na wanawake walifanya vizuri zaidi katika kusoma na hisabati. Matokeo hayo peke yake hayathibitishi kwamba jinsia ya mkuu ndiyo iliyoleta tofauti. Huenda wanawake hao walichujwa kwa ukali zaidi. Ila yanatosha kuiondoa hofu kwamba shule itashuka ikikabidhiwa mwanamke.

Kwa hiyo marekebisho yaanzie pale mlango unapofungwa. Majukumu ya taaluma, mitihani, manunuzi na mapokezi yawe ya zamu yenye kikomo, na umatroni na upatroni uhesabiwe kuwa uzoefu wa uongozi. Mkuu anaposafiri, kukaimu kuzungukie wakuu wa idara wote. Afisa elimu akitembelea shule, aombe kuuona mgawo wa majukumu kama anavyoomba kuiona leja. Haya hayahitaji sheria mpya wala bajeti. Mkuu wa shule unayesoma makala haya, Januari ijayo karatasi hiyo itakuwa mbele yako. Ipange upya.