Shingo Hufunguliwa Mwisho

Daktari anayepasua maiti akishuku kwamba marehemu alinyongwa, shingo huiacha hadi mwisho. Macho yake yanaitaka, mpelelezi aliyesimama pembeni anaisubiri, lakini kisu kinaanzia kwingine. Ngozi ya kichwa inakatwa kutoka nyuma ya sikio moja hadi jingine na kufunuliwa, fuvu linakatwa kwa msumeno, ubongo unatolewa na kuwekwa kwenye mizani. Kisha kifua kinafunguliwa, moyo na mapafu vinatolewa. Sasa damu iliyosongamana katika mishipa ya shingo imepata pa kutokea, juu na chini, na shingo imebaki kavu. Hapo ndipo daktari anapoanza kuibandua misuli yake, tabaka baada ya tabaka, mpaka afike kwenye zoloto na kile kimfupa chembamba chenye umbo la U kilichojificha chini ya ulimi.

Sababu yake ni hii. Mwaka 1951 madaktari wawili wa Afrika Kusini, Prinsloo na Gordon, walieleza jinsi damu inavyoweza kuvuja ndani ya misuli ya shingo wakati wa upasuaji wenyewe, ikaacha mabaka yanayofanana sana na michubuko ya mikono ya mnyongaji. Aliyeiharakia shingo angeyaona mabaka hayo, angeandika kwamba marehemu alinyongwa, na mtu angeshtakiwa kwa jeraha lililofanywa na kisu cha daktari siku kadhaa baada ya kifo.

Naupenda utaratibu huu kuliko kitu kingine chochote katika uchunguzi wa jinai. Umekubali jambo ambalo wengi wetu hatulikubali, kwamba anayetafuta kitu kwa bidii anaweza kukitengeneza kwa mikono yake. Wala haumtaki daktari awe malaika asiye na dhana. Unampangia kazi tu, hiki kwanza na kile baadaye, ili dhana yake isipate mwanya wa kuharibu.

Hapa Eldoret ustadi huo ulihitajika mbele ya macho ya dunia nzima mnamo Januari 2023. Sanduku la chuma lilitupwa kutoka kwenye gari upande wa Kapseret, na ndani yake mlikuwa na mwili wa Edwin Chiloba, mwanamitindo wa miaka 25 aliyejulikana pia kwa kutetea haki za mashoga. Mwili haujafunguliwa, hadithi tayari imekamilika. Mitandaoni muuaji alikuwa ameshachorwa kuwa ni mtu wa nje, aliyesukumwa na chuki. Chuki hiyo ipo nchini, na hofu ya waliosema hivyo haikuwa ya kubuni. Wengine nao walikuwa na maelezo yao, ya kumlaumu marehemu mwenyewe.

Tarehe 11 Januari, mwanapatholojia mkuu wa serikali, Dkt Johansen Oduor, aliuchunguza mwili huo katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ile tunayoiita MTRH. Aliyowaambia wanahabari baadaye yalikuwa machache. Chiloba alikufa kwa kukosa hewa baada ya kuzibwa pua na mdomo. Mdomoni mlikuwa na soksi zilizoshindiliwa, na kitambaa cha jinzi kilifungwa kuzunguka uso.

Uchache huo una uzito wake. Katika vifo vyote vya kukosa hewa, hiki cha kuzibwa pua na mdomo ni miongoni mwa vilivyo vigumu zaidi kuvithibitisha. Kitambaa laini kinaweza kuua bila kuacha jeraha. Vile vitone vya damu ndani ya kope, ambavyo filamu huvionyesha kama ithibati kamili, huenda visiwepo kabisa, na vikiwepo vinaweza kuletwa na mambo mengine, hata ugonjwa wa moyo. Tena mwili uliokaa siku kadhaa huvimba, ngozi hubadilika rangi, macho hutokeza na ulimi husukumwa nje, na asiyeijua kazi huapa kwamba ameona alama za mateso.

Kwa hiyo chochote kilichofungwa au kushindiliwa kina thamani kikiwa bado mahali pake. Mwili hupigwa picha na nguo zake kabla hazijaguswa. Kila kinachotolewa huandikwa kilikuwa wapi na kimekaa vipi. Fundo halifunguliwi. Kitambaa hukatwa mbali nalo, ili fundo lenyewe libaki kama lilivyofungwa na mkono wa aliyelifunga. Nguo zenye unyevu hukaushwa, kisha huwekwa katika mifuko ya karatasi, kwa kuwa plastiki huzuia unyevu kutoka na DNA ikaoza humo humo. Ni kazi ya uvumilivu ambayo haionekani na mtu, na mahakamani huenda isitajwe isipokuwa pale ilipofanywa vibaya.

Desemba 2024, Jaji Reuben Nyakundi wa Mahakama Kuu ya Eldoret alimfunga miaka 50 mtu aliyekuwa akiishi na Chiloba. Hakuwa yule wa nje aliyechorwa mitandaoni.

Kumchora mhalifu kabla ya kumpata ni taaluma iliyopata umaarufu mkubwa. Katika miaka ya 1970 maafisa wa FBI wa Marekani waliingia magerezani kuwahoji wauaji, na kutokana na majibu yao wakaanza kukisia umri, kazi na mwenendo wa watu waliokuwa bado wanasakwa. Siipuuzi kazi hiyo, kwani inaweza kusaidia kuamua nani ahojiwe kwanza. Hatari inakuja pale mchoro unapokaa mahali pa ushahidi. Mwaka 1992 Rachel Nickell aliuawa kwa kisu kwenye mbuga ya Wimbledon, London, mtoto wake wa kiume akiona. Polisi walipewa wasifu wa muuaji, wakampata Colin Stagg aliyeonekana kulingana nao, wakamtumia afisa wa kike aliyejifanya kumpenda ili aungame. Hakuungama. Mwaka 1994 jaji aliitupa kesi nje. Muuaji halisi, Robert Napper, alipatikana na hatia mwaka 2008 kwa msaada wa DNA, na wakati polisi wakimwandama Stagg, Napper alikuwa ameshaua tena, mama na binti yake mdogo.

Huku kwetu wasifu hauhitaji mwanasaikolojia. Jina la pili la mtu linatosha. Tarehe 1 Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, kanisa la Kenya Assemblies of God la Kiambaa, viungani mwa Eldoret, liliteketezwa likiwa limejaa watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Kila mtu alijua ni kina nani, kwa maana ya jamii gani. Wanaume wanne walishtakiwa Nakuru kwa mauaji, na Aprili 2009 Jaji David Maraga akawaachilia, akiulaumu uchunguzi wa polisi kuwa ulikuwa wa ovyo. Uamuzi ule ungali unaniuma, si kwa sababu jaji alikosea, bali kwa sababu alikuwa sahihi. Mahakama inataka kuonyeshwa mkono wa mtu fulani, mahali fulani, saa fulani. Waliozikwa Kiambaa walistahili mpelelezi ambaye angeanza kazi kana kwamba hajui lolote.

Je, ujuzi wa miaka mingi haumkingi mtaalamu? Mtafiti Itiel Dror na wenzake walilijaribu swali hilo mwaka 2006. Waliwapa wataalamu watano wa alama za vidole jozi za alama ambazo kila mmoja alikuwa ameziamua kuwa zinalingana miaka iliyotangulia, ila safari hii waliambiwa kwamba ni zile za kosa mashuhuri la FBI, lililompeleka wakili wa Oregon kizuizini kwa mabomu ya Madrid ya 2004. Wanne kati ya watano waliubadili uamuzi wao wenyewe. Utafiti wa 2021 aliouongoza Dror uliwapa wanapatholojia 133 maelezo yale yale ya kitabibu kuhusu mtoto aliyekufa kwa jeraha la kichwa. Walioambiwa kwamba ni mtoto Mweusi aliyekuwa akilelewa na mpenzi wa mama yake waliandika mauaji mara nyingi zaidi kuliko walioambiwa kwamba ni mtoto Mzungu aliyekuwa na bibi yake.

Dawa iliyo rahisi kuitaja ni kumficha daktari kila kitu, nayo haifai. Aliyekufa kwa umeme anaweza kuwa na alama ndogo mno kwenye kidole, na asiyeambiwa kwamba kulikuwa na waya uliokatika ataipita. Maji, moto, dawa zilizokutwa kando ya kitanda, hayo yote daktari anayahitaji. Kinachohitaji akili ni kupanga lipi aambiwe na lini. Mahali mwili ulipokutwa, aambiwe mapema. Kwamba mshukiwa amekiri, au kwamba mbunge wa eneo hilo ameshatangaza ni nani, hayo yasubiri hadi majeraha yote yawe yameandikwa, kwa sentimita na kwa rangi.

Shakahola ilionyesha maana ya subira hiyo. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule wa Kilifi, na nchi nzima ilijua kwamba wafuasi wa dhehebu moja walikufa kwa njaa. Timu ya Dkt Oduor ingeweza kuijaza fomu kwa mazoea. Ilifungua mwili mmoja mmoja, na tangu siku za mwanzo, kati ya wengi waliokufa njaa, ikawakuta waliokufa kwa kukosa hewa. Februari 2024 mwanariadha Kelvin Kiptum alipofariki katika ajali ya gari upande wa Kaptagat, uvumi wa njama ulienea kasi. Uchunguzi wa maiti uliofanywa hapa Eldoret ulikuta majeraha makubwa ya kichwa, na sampuli zikachukuliwa kwa vipimo zaidi. Naipenda hiyo ya sampuli, kuchukuliwa hata pale jibu linapoonekana wazi.

Hadithi ngumu kuliko zote kuipinga ni ile inayoletwa na polisi wenyewe. Juni 2025 walisema kwamba Albert Ojwang, mwalimu aliyekamatwa Homa Bay, alijigonga kichwa ukutani katika seli ya kituo cha Central, Nairobi. Mwanapatholojia Dkt Bernard Midia na wenzake walilichukua dai hilo na kulipima kwenye mwili. Anayejigonga ukutani, alieleza Midia, huwa na mpangilio wake, damu ikivilia hasa sehemu ya mbele. Walichokikuta ni damu iliyovilia chini ya ngozi ya kichwa mbele, pembeni na nyuma, pamoja na dalili za kubanwa shingo na majeraha sehemu nyingine za mwili.

Sheria ya kuunda huduma ya kitaifa ya wachunguzi wa vifo ilipitishwa mwaka 2017, ili vifo kama cha Ojwang visichunguzwe na wanaoshukiwa. Miaka ikapita bila ofisi kufunguliwa. Kwa sasa kinga ya familia nyingi ni kumleta daktari wao. Anasimama meza moja na daktari wa serikali, wanasoma mizani ile ile, na wakikubaliana wanatia sahihi. Wasipokubaliana, kila mmoja anaandika ripoti yake na jaji anawasikiliza wote wawili. Familia isiyo na pesa za daktari haina hata hilo. Ofisi ile ikiundwa siku moja, ningetaka tawi lake la kwanza nje ya Nairobi liwe hapa, karibu na mochari ya MTRH, ambako miili hufika kutoka Turkana, Pokot Magharibi, Nandi na Elgeyo-Marakwet, mingi ikiwa na hadithi iliyotangulia kufika.