Gesi Ndiyo Inayoamua Utando

Kipande cha silikoni kikipigwa kwa leza ndani ya ombwe, kwa pigo la makumi machache ya nanosekunde, uso wake hugeuka plazma na atomi huruka moja kwa moja hadi kwenye bamba lililo mbele. Utando unaopatikana hushikana. Anayetaka utando wa nanochembe lazima aingize gesi, ili atomi zigongane nayo, zipoe na kuungana zikiwa bado hewani. Shida ni kuona hayo yakitokea, maana mwako wa plazma ukizimika chembe hazitoi tena nuru yake.

Mwaka 1998 David Geohegan na wenzake wa maabara ya Oak Ridge, Tennessee, walieleza namna walivyoliwezesha hilo. Leza ya kriptoni na florini ililipua silikoni. Kisha nuru ya leza nyingine ikapitishwa kwenye wingu lililobaki, na kamera yenye wepesi wa kunasa nuru hafifu ikapiga picha za chembe zikimeremeta na kutawanya nuru. Walizifuatilia hadi sekunde 15 baada ya pigo. Kwangu mimi, huo ndio ufundi mkubwa wa kazi hii: kungoja.

Picha hizo hazifai kusomwa kama hesabu ya chembe. Kipenyo cha chembe ndogo namna hii kikiongezeka mara mbili, nuru inayotawanywa huongezeka mara 64, kwa hiyo chache zilizokua huzifunika nyingi zilizobaki ndogo.

Tofauti ya gesi, hata hivyo, haina ubishi. Ndani ya agoni, ambayo atomi yake ni nzito kuliko ya silikoni, wingu lilisimama likatulia. Ndani ya heliamu, iliyo nyepesi mara saba kuliko silikoni, chembe zilijikunja zikawa pete yenye msukosuko, ikasonga mbele kwa mita 10 hivi kwa sekunde. Leza ilikuwa ileile.

Chembe zilizokusanywa kwa ajili ya hadubini ya elektroni zilikuwa zimeumbika ndani ya gesi bila shaka, wala si juu ya bamba. Kwa mtengeneza utando maana yake ni kubwa: wingu lililotulia halijipeleki lenyewe kwenye bamba. Mkondo wa gesi ndio unaolibeba, na mahali pa kuweka bamba huchaguliwa kwa kufuata mkondo huo.