'Kesho' ya mtandaoni haina tarehe: Funzo kutoka Budalang'i

MSIMU wa masika uliopita, shangazi yangu anayeishi karibu na kingo za Mto Nzoia kule Budalang'i alinipigia simu akihema. "Mwanangu, wamesema maji yanakuja kesho. Mbuzi na mahindi nimeshatoa."

Alikuwa amepokea ujumbe wa WhatsApp uliowataka watu wahame 'kufikia kesho saa 8'. Niliufuatilia kutoka kundi moja hadi jingine, nikabaini ulikuwa umezunguka kwa zaidi ya wiki mbili. Kesho yenyewe ilikuwa imepita kitambo! Mahindi yake yalinyeshewa bure.

Siku chache baadaye ulikuja ujumbe mwingine, wa kweli safari hii. Shangazi aliutazama akasema, "Hao ni wale wale tu." Hakuhama. Maji yalimkuta kitandani. Yeye alinusurika, kuku wake wote wakaenda na mto.

Simlaumu shangazi. Lawama zangu nazielekeza kwa sisi tunaoandika.

Wanaisimu huyaita maneno kama 'leo', 'kesho', 'hapa', 'huku' na 'sisi' maneno elekezi. Maana yake hutegemea nani anasema, wapi na lini. Mchuuzi wa samaki pale Port Victoria akikwambia "njoo kesho", humuulizi tarehe kwa sababu mnaonana ana kwa ana. Hata redioni, saa ya kusema ndiyo saa ya kusikia. Mtandaoni sivyo. Andiko huachana na mwandishi wake pindi tu linapochapishwa. Mtu hulinakili, mwingine hulifowadi, wa tatu hulisoma baada ya mwezi.

Chukua hiyo 'saa 8'. Aliyezoea saa za Kiswahili atasoma saa nane, yaani mchana. Aliyetafsiri tangazo la Kiingereza huenda alikusudia saa mbili, asubuhi ama usiku. Tarakimu ni moja, saa ni tatu. Kwa anayekimbia maji, tofauti hiyo si ya kuchezea.

Mpakani mambo huchacha zaidi. Kuna Busia ya Kenya na Busia ya Uganda, na Malaba vilevile ina pande mbili. Mfanyabiashara anaposti picha ya viatu na kuandika 'Tuko Busia, shilingi 20,000 tu'. Busia ipi? Shilingi za nani? Mteja anayefikiria kwa shilingi za Kenya atapita mbio akidhani ni wizi, kumbe bei ni ya Uganda na ni nafuu. Neno 'boda boda', ambalo chimbuko lake huhusishwa na waendesha baiskeli wa mpaka huu huu, lilitosha kama mwito kwa sababu aliyeita alikuwa amesimama mbele ya abiria na baiskeli yake. Chapisho halina baiskeli ya kuonyesha.

Siku hizi mafunzo ya uandishi wa blogu na mitandao ya kijamii ni mengi. Tunahimizwa tuandike kwa ufupi, tutie picha, tutafute kichwa cha kuvutia na tuposti wakati watu wengi wako mtandaoni. Ushauri huo si mbaya. Kasoro yake ni kwamba hupima ufanisi kwa idadi ya waliopenda na waliosambaza. Kwa kipimo hicho, ule ujumbe wa 'kesho' ulifaulu sana! Picha nazo hazina kinga. Nimeona picha za mafuriko ya 2020 zikirudishwa miaka iliyofuata kana kwamba zimepigwa asubuhi hiyo.

Mwanafalsafa H.P. Grice, katika makala yake ya 1975, alieleza kuwa mawasiliano husimama juu ya ushirikiano: toa habari za kutosha, sema kweli, usitoke nje ya mada, na ueleweke. Matangazo yetu mengi huvunja kanuni hizi tangu mstari wa kwanza. Huanza na 'Wapendwa wananchi, tungependa kuchukua fursa hii', na kwenye simu ndogo maneno hayo hujaza nafasi yote inayoonekana kabla msomaji hajafungua ujumbe. Kisha huja 'kutokana na mvua kubwa inayoshuhudiwa'. Wapi? Nzoia huteremka kutoka milima ya Cherang'any na Elgon. Budalang'i inaweza kuwa na jua kali huku maji yakiwa njiani. Mkazi atatazama juu, aone anga safi, kisha apuuze.

Tuseme ujumbe ungeandikwa hivi: 'Jumanne, Mei 6, 2025, saa mbili asubuhi. Mvua imenyesha sana Cherang'any. Mto Nzoia unapanda hapo Rwambwa. Walio karibu na kingo za mto wahame leo Jumanne kabla ya saa kumi jioni.' Mwishoni liwekwe jina la ofisi iliyotoa habari na nambari ya simu ya kuthibitisha. Hauna madoido, lakini hata ukifika baada ya wiki mbili, msomaji atajua umechacha.

Nasi tunaosambaza tuna wajibu. Ukipokea onyo lisilo na tarehe, mahali wala mwenyewe, uliza kwanza. Ukikosa jibu, usilifowadi. Shangazi sasa ananisomea kila ujumbe kwa simu kabla ya kugusa gunia. Swali lake la kwanza huwa, "Hii kesho ni ya lini?"