Simbi: Fedha Iliyogeuka Pambo

Fedha ni kitu chochote ambacho watu wamekubaliana kukipokea kuwa malipo na kukitumia kuwa kipimo cha thamani. Na kwa kuwa msingi wake ni makubaliano, Aristotle alieleza katika maandiko yake ya maadili kwamba ipo kwa desturi wala si kwa maumbile, hivyo walioiweka wanaweza pia kuibatilisha. Hoja hiyo inathibitishwa na simbi, yaani kombe ndogo za Bahari ya Hindi, ambazo nchini Uganda ziliwahi kuwa sarafu, na ambazo katika eneo la Mbale zimejulikana pia kuwa pambo.

Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilizipeleka simbi bara kwa njia ya Tabora ili kununulia pembe za ndovu, na huko Buganda zilitobolewa na kutungwa mia mia katika uzi, ili hesabu ya sokoni iwe nyepesi. Mkataba wa mwaka 1900 kati ya Waingereza na Buganda ulipoweka kodi ya nyumba kuwa rupia 3, mwisho wa simbi ulikuwa umekaribia, kwa kuwa sarafu isiyopokewa na serikali haikawii kukataliwa na wachuuzi. Na rupia nayo, mwanzoni mwa miaka ya 1920, iliipisha shilingi ya Afrika Mashariki.

Hata hivyo, simbi iliyokufa sokoni ilikuwa na maisha mengine mikononi mwa mafundi wa Wamasaba wa eneo la Mbale, ambao pia huitwa Wagisu, wanaotengeneza mapambo ya Imbalu, yaani jando linalofanyika kila mwaka wa shufwa. Fundi huubomoa mgongo wa simbi ili ilale sawasawa juu ya ngozi, mdomo wake wenye meno ukitazama nje, kisha hupitisha uzi katika uwazi huo na kuzibananisha simbi safu kwa safu, pamoja na shanga na manyoya meupe ya mbega. Hapo ndipo biashara na sanaa zinapoachana: kwa mfanyabiashara simbi yoyote ilikuwa sawa na nyingine, maana alichohitaji ni idadi tu, ilhali fundi huchambua moja moja, akilinganisha ukubwa na weupe, kwa kuwa moja isiyolingana na wenzake huiharibu safu nzima.

Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1790 kuhusu uamuzi wa uzuri, alidai kwamba furaha ya uzuri haifungamani na tamaa ya kumiliki wala kutumia. Pambo la Imbalu linamkubali nusu tu, kwani linatumika hasa, tena mwilini mwa kijana anayecheza mbele ya ukoo wake, na uzuri wake haupungui kwa kutumika.

Isidhaniwe basi kwamba fedha ni adui wa sanaa, kwa sababu uzi, ngozi na chakula cha fundi vyote hununuliwa. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini chema hakijitengenezi, na anayepunguza bei ya pambo hadi isilipe hata siku za kushona hanunui kwa rahisi, bali anauondoa ufundi huo duniani. Mnunuzi na amlipe fundi haki yake.